Vibanio vya Mgongoni

Mwanangu watu walimwita Kabati. Hawakumwita kwa ubaya. Akisimama mlangoni pa chumba chetu cha kushonea, mwanga wote unabaki nje, na mteja aliye ndani itabidi angoje atoke ndipo aone rangi ya kitambaa chake. Mabega yale aliyarithi kwa marehemu baba yake, ambaye naye milango mingine alikuwa akiipita kwa ubavu.

Alikuwa fundi wa nguo za kiume. Makoti, suruali, vizibao, mashati ya kola ngumu. Mimi kazi yangu ni sindano ya mkono: vifungo, mapindo, bitana. Cherehani sikuizoea, inakwenda mbio kuliko akili yangu.

Sasa nieleze namna tulivyokuwa tukikata, maana mambo yote yalizaliwa hapo. Mafundi wengine wana sanamu ya kuvalishia nguo. Sisi sanamu yetu ilikuwa Kabati mwenyewe. Karatasi zetu za kukatia, zile za kaki zinazoning'inia kwenye msumari, zilikatwa kwa mwili wake alipokuwa na nguvu zake. Mteja akija, Kabati anamtazama toka kichwani mpaka miguuni, halafu ananiambia, "Mama, huyu ni mimi, toa tumbo." Au, "Huyu ni mimi, punguza mabega, ongeza kitambi." Kisha chaki inafuata ukingo wa karatasi, mara ndani kidogo, mara nje kidogo. Aliwahi kuja karani mmoja mwembamba, ukimtazama kwa ubavu humwoni. Kabati akamzunguka, akakuna kichwa, akasema, "Mama, huyu ni mimi, toa karibu kila kitu." Karani akanuna. Lakini suruali alipokuja kuichukua ilimkaa kama kazaliwa nayo, na kila mwaka akawa anarudi.

Na kabla mtu hajaondoka na nguo yake, Kabati alimwambia neno moja tu: "Geuka." Alikuwa akisema mbele ya nguo humsifia mvaaji, mgongo ndio unaomsema fundi.

Mjukuu wangu kakulia humo. Mama yake alifariki yeye bado anatambaa, nikamlea mimi katikati ya vipande vya vitambaa. Namwita mume wangu, kama bibi anavyomwita mjukuu wake, naye ananiita mke mkubwa, ingawa mdogo mpaka leo hajamleta. Mkono wake ni wa baba yake mtupu. Ila kichwa chake kikaenda mbele zaidi, akawa anachora. Koti lenye mifuko ya ndani tu, ili nje pawe patulivu. Suruali ya kitani yenye kiuno kinachotanuka ukikaa. Nikimwuliza nani atavaa, ananijibu, "Mtu yeyote, bibi. Mtu anayekwenda kazini na kurudi."

Halafu Kabati akaanza kukonda.

Kwanza tulidhani ni uchovu. Baadaye mkanda ukatobolewa tundu jipya, na jingine. Hospitali wakasema mengi, wakampa dawa hizi, wakambadilishia zile. Mwishowe wakasema tumpe chochote anachopenda kula. Nikajua maana yake, nikawaambia ahsante, nikamshika mkono tukarudi nyumbani.

Wateja nao wana macho. Nani atampelekea kitambaa chake fundi anayekohoa mpaka anashika meza? Wakaondoka mmoja mmoja, kwa adabu. Hata yule karani.

Ndipo mjukuu akaja na habari ya maonyesho. Maonyesho ya mavazi ya kiume, kwenye ukumbi mkubwa, na yeye kakubaliwa kuonyesha nguo zake pamoja na wabunifu wengine. Na mwenye duka kubwa la nguo za kiume atakuwepo, amchague mmoja ambaye nguo zake atazitundika dukani mwaka mzima. Akichaguliwa yeye, chumba chetu kinapata kazi, naye anabaki. Asipochaguliwa, kuna nafasi inamngoja kwenye kiwanda cha sare, mbali, safari ya kulala njiani. Huko kazi yake itakuwa kushona mifuko. Si suruali. Mifuko, basi, na tena ya kushoto tu, ya kulia ina mtu wake.

Kabati ndiye aliyelikata shauri, akiwa kitandani.

"Wakikuchukua, baki. Wasipokuchukua, nenda. Sitaki ukae hapa kunisubiri."

"Kukusubiri nini, baba?"

"Unajua."

 Mimi moyoni nilikuwa nataka jambo moja tu: asiende. Mwana ananitoka kwa mlango mmoja, mjukuu kwa mwingine, mimi nibaki na cherehani nisiyoijua?

Basi akaanza kukata. Akatungua zile karatasi za kaki, akazitandaza mezani.

"Mume wangu, unakata kwa nani?"

"Kwa baba."

"Toa nini?"

"Sijui bado, bibi. Hao vijana wa kuvaa hatujaletewa. Nitatoa siku ya kujaribisha."

Ndivyo tulivyofanya siku zote, kwa hiyo sikuona kosa. Unamtoa mtu ukiwa umemwona. Usiyemwona utamtoa nini? Ila niliona kitu kingine. Chaki yake ilipofika mabegani ilikwenda polepole sana, kama mtu anayepita mahali asipotaka kuondoka.

Lililo bora kuliko yote lilikuwa koti la sufu, rangi ya wino. Lile alilipeleka kitandani kila hatua. Kabati alikuwa akilishika kola kwa vidole viwili, anasema, "Hapa pasi haijashiba," au, "Hapa sawa." Siku moja mjukuu akamwambia, "Hili ni lako, baba. Likishapita jukwaani linarudi kwako. Utalivaa siku tunatundika nguo dukani." Kabati akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Basi acha nafasi ya kitambi," akasema.

Siku ya maonyesho jirani alikaa na mgonjwa, mimi nikaenda na sindano zangu. Nyuma ya pazia kulikuwa na vioo virefu, vyuma vya kutundikia nguo, mvuke wa pasi, na harufu ya mafuta ya nywele. Wakaja wale vijana wanaovaa, wanamitindo. Warefu, wapole, wananiamkia vizuri, "Shikamoo bibi," nami nawaitikia. Wazuri wa sura. Lakini wembamba, Mungu anisamehe, ungefikiri wameletwa na upepo.

Na kumbe siku ya kujaribisha ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya maonyesho. Watu wamekwisha kaa ukumbini, muziki unagonga.

Kijana wa kwanza akavaa koti la wino. Mabega ya koti yakapita mabega yake yakaendelea na safari. Mikono ikameza vidole. Mjukuu alisimama na chaki mkononi, anamtazama, na midomo yake inakwenda bila sauti. Nilijua anachosema. Huyu ni baba, toa... toa... Na hakufika mwisho.

"Hakuna wakati wa kusali!" Huyo alikuwa msimamizi wa jukwaa, mama mmoja mwenye mkoba kiunoni uliojaa vibanio vyeusi vya chuma, vile vya kubania makaratasi ofisini. Akamgeuza kijana, akakusanya kitambaa kilichozidi mgongoni, akabana, akabana, akabana. "Haya, geuka mbele." Na kwa mbele, jamani, koti lilikaa kama tulilipima wiki nzima.

"Na mgongoni?" nikauliza.

"Bibi, usiniangalie hivyo. Nusu ya uzuri wa dunia hii umeshikwa na hivi." Akapita kwa wengine. Shati, kibano. Kizibao, kibano. Suruali za kitani zikakunjwa kiunoni kama mfuko wa unga.

Mjukuu akanishika bega. "Nenda ukakae, bibi. Utaona vizuri huko."

Nikapewa kiti safu ya pili, pembeni ya mama mmoja mwenye kofia pana, mkarimu, aliyeisogeza kofia yake kila mara ili nione. Mbele yetu alikaa mwenye duka. Mtu mnene, mpana, shingo imekaa ndani ya mabega. Nilipoona mgongo ule nilishtuka. Ulikuwa mgongo wa Kabati wa zamani.

Taa zikazimwa, nyingine zikawashwa. Waliotangulia walikuwa wa mbunifu mmoja kijana anayesifiwa sana. Akatoka mtu kavaa koti la mikono mitatu. Nikadhani nimeona vibaya.

"Ule wa tatu wa nini?" nikamwuliza mama wa kofia.

"Ni wazo, mama yangu."

"Aa. Akisikia baridi kwenye wazo."

Akaziba mdomo kwa mkono, mabega yanamtikisika. Akatoka mwingine, suruali mguu mmoja mrefu unaburuta chini, mwingine umeishia pajani. Akatoka mwingine kichwa kimo ndani ya tundu la waya, kama kuku anayepelekwa safari. Wote wanatembea na nyuso za watu waliogombana na mwenye nyumba. Makofi yakapigwa mpaka masikio yakaniuma.

Halafu zikaja zetu.

Muziki ukapunguzwa. Akatoka wa kwanza na shati jeupe la kola ngumu na suruali ya kitani rangi ya mchanga. Watu wakanyamaza. Niliona kola ile niliyoipinda kwa mkono, inasimama bila kumkaba. Akaja wa kizibao cha kijivu, vifungo vyangu vimepanga mstari kama watoto wa shule. Akaja wa koti fupi lenye mifuko ya ndani, akaingiza mkono, akatoa kitambaa cha jasho, akajifuta, akarudisha, na koti halikupinda hata kidogo. Mwenye duka akamwinamia mwenzake. Nikamsikia kwa masikio yangu: "Hizi ndizo nguo. Hizi mtu anavaa."

Moyo wangu ukasimama wima. Nikasema hapana tena mtu wa kwenda kushona mifuko ya kushoto.

Mwisho likatoka koti la wino. Nawaambieni ukumbi mzima ulivuta pumzi. Lilikuwa linakuja kwetu na taa zinateleza juu yake, na kwa kitambo kidogo, kwa sababu ya taa zile, sikumwona kijana aliye ndani. Nilimwona mwanangu anaingia mlangoni.

Halafu akageuka kurudi.

Mgongo wote ulikuwa vyuma. Vinameta kwa taa, mstari toka shingoni mpaka kiunoni, kitambaa kimechomoza katikati kama pezi la samaki. Nikainamisha uso. Ningekuwa na mtandio mkubwa ningejifunika wote.

"Ona!" mama wa kofia akanipiga kiwiko. "Vibanio nje nje! Huyu kijana anasema kitu."

"Anasema nini?"

Akafikiri. "Anasema mwanamume wa leo amebanwa."

Nikamwambia kweli, amebanwa.

Makofi yalipigwa. Si kama ya mikono mitatu, lakini yalipigwa. Nikarudi nyuma ya pazia haraka kadiri magoti yalivyoniruhusu, nikamkuta mwenye duka keshafika. Anashika nguo zetu moja moja, anatazama ndani, anapitisha kidole kwenye bitana. Mtu anayejua kazi yake. Alipofika kwenye koti la wino akavibandua vile vibanio vya mgongoni, akavitia mfukoni mwa koti, akalivaa yeye.

Likamkaa.

Likamkaa kama alivyotaka Mungu mabega yakaliwe. Akajitazama kwenye kioo, akafunga kifungo, akanyanyua mikono, akaishusha. Akacheka peke yake kama mtoto. "Wewe kijana, umenishonea mimi bila kunijua!"

"Geuka," mjukuu akamwambia. Sauti yake ilikuwa ya baba yake.

Akageuka. Mgongo ule ulikuwa safi. Hapana hata mkunjo. Tukatazamana mimi na mjukuu, na mimi nikaanza kutabasamu, mpumbavu mimi.

"Lakini sikiliza, mwanangu," mwenye duka akasema, bado anajitazama. "Wanaonunua kwangu si watu kama mimi. Ni vijana wale uliowaona jukwaani. Una hizi kwa mwili wao?"

"Nitakata upya, mzee. Karatasi ninazo, ni kupunguza tu. Nipe muda kidogo."

"Duka napanga wiki hii." Akashusha pumzi. "Yule mwenzako wa mikono mitatu, ile mikono ni ya kupigiwa makofi. Lakini gari lake huko nje limejaa mashati ya kawaida, ya mwili mdogo, wa kati, mkubwa, yamekunjwa tayari. Ya kwako ni mazuri zaidi. Nakwambia ukweli, ni mazuri zaidi. Ila umemshonea mtu mmoja."

  Mwenye duka alikuwa kasema kweli.

"Hili koti nitalichukua mwenyewe," mwenye duka akasema. "Sema unataka nini."

"Hilo la baba."

"Nitakupa vizuri."

"Hilo la baba, mzee. Samahani."

Mwenye duka akalivua polepole, akalikunja vizuri, akaturudishia. Akaniaga kwa heshima. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Mtu mbaya ungemtukana njiani ukapata nafuu.

Tulipofika nyumbani Kabati alikuwa kalala. Hatukumwamsha.

Asubuhi nilimkalisha karibu na dirisha, nikampa uji, akanywa vijiko vichache ili nisinung'unike. Mjukuu akaja akasimama mlangoni. Mwanga ulimpita pande zote.

"Vipi?" Kabati akauliza.

"Walipiga makofi, baba."

"Sikuuliza makofi."

Mjukuu akatazama chini. Kabati akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeonyeshwa kitambaa akasema kinatosha.

"Haya. Nileteeni koti langu."

Tukamvalisha. Sijui niliandikeje hili. Alizama. Koti lilisimama lenyewe na yeye akawa ndani yake kama mtu aliyejificha chumbani kwa watu. Mjukuu akasema anakwenda kuchota maji, na maji yalikuwepo.

Nikapitisha mkono kwenye koti nione la kufanya, nikavikuta mfukoni vile vibanio alivyovitia mwenye duka.  Nikakusanya kitambaa kilichozidi mgongoni, nikabana. Nikabana tena. Nikamsogezea kioo cha wateja.

Akajitazama kwa mbele. Akanyoosha kola. Uso wake ukalainika kidogo.

"Mbele pazuri," akasema. Halafu: "Nigeuze, mama."

"Kaa kwanza, utachoka."

"Mama. Nigeuze."

Sikumgeuza. Basi akapeleka mkono wake nyuma mwenyewe, polepole, akapapasa. Akakibandua kimoja, akakileta mbele ya macho, akakitazama kwenye kiganja.

"Hivi ndivyo walivyovaa?"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wote, mwanangu."

"Hakutoa."

"Hakujua atoe nini."

Akakifumba kiganjani. Nikasikia mjukuu karudi, kasimama nyuma ya mlango na ndoo.

"Kesho basi linaondoka saa ngapi?" Kabati akauliza kwa sauti, bila kugeuka.

"Alfajiri, baba."

"Chukua zile karatasi."

"Za nini, baba? Kule nitashona mifuko."

 Ndoo ikawekwa chini.

Kabati akanirudishia kile kibano. "Mama, lete chaki. Weka alama hapo ulipobana, ushone hapohapo."

Mama ni mama, mdomo unasema hata akili ikijua. Nikamwambia, "Tuliache kwanza. Ukinenepa je?"

Akanitazama, na nikaona anataka kunichekesha, kama zamani mbele ya wateja.

"Huyu ni mimi," akasema. "Toa karibu kila kitu."

Mjukuu aliondoka alfajiri. Alinikumbatia akaniambia mke mkubwa niangalie nyumba, nami nikamwambia aolee hukohuko nisije nikasumbuliwa na wivu. Tulicheka wote wawili, tukaishiwa cheko palepale. Karatasi za kaki zimebaki kwenye msumari.

Mimi nafanya kazi ya koti. Nimefumua mgongo wote, nikafuata alama za chaki, nikapiga bandi ya kushikiza, nikashona kwa mkono, kidogo kidogo, kila anapolala. Jana nilimaliza. Leo asubuhi nimemjaribisha, na limempwaya tena.

Nimempa uji. Nimekaa dirishani, nafumua.